Vidole vya Papa na Maziwa ya Papayi

Papa yangu hana mistari kwenye vidole. Naanza na hiyo, maana mambo yote mengine yalitoka pale. Vidole vyake ni laini kama sahani iliyotoka kuoshwa. Ukimupa kikombe chenye unyevu, kinamuteleza. Nyumbani tulizoea. Hakuna mutu aliyejiuliza juu ya vidole vile mpaka ule mwaka wa kuandikisha wapiga kura, mashini ilipomuangalia papa na kukataa kumujua.

Papa ni mutu wa papayi. Shamba lake liko chini, upande wa Beni, kule kwenye joto, na papayi zake si za kula. Asubuhi, jua likiwa bado halijapanda, anachukua wembe aliofunga kwenye fimbo, anachanja tunda bichi likiwa bado kwenye muti, na maziwa meupe yanaanza kutona juu ya plastiki aliyoifunga kuzunguka shina. Maziwa yale yanaganda. Anayakwangua kwa vidole, anayakausha polepole juu ya moto mudogo, kisha anayapeleka depo, kwa wanunuzi. Kutoka depo yanaenda mbali, kwa viwanda vya kulainisha nyama, vya bia, vya dawa, sijui vya nini tena. Nyumba nyingi za kule zilifunikwa mabati kwa maziwa hayo. Miye mwenyewe nilisomeshwa kwa maziwa hayo. Leo ni mwalimu wa chimie na biologie hapa Butembo, juu kwenye baridi, ambako papayi inagoma kuiva na sisi walimu tunafundisha tumevaa makoti.

Bon. Mwaka ule mudogo wangu wa kike, kitindamimba wa nyumba, aliyekuwa anaishi na miye Butembo, alipata muchumba. Kijana wa Kipese, kule milimani, wa watu wa viazi na vitunguu vya poireau, mupole, mwenye mashavu. Siku ya mbuzi za mahari ikapangwa, kwangu Butembo, kwa sababu wakwe walisema Beni ni mbali na barabara ina maneno mengi. Kwetu, papa wa binti ndiye anapokea kamba ya mbuzi ya kwanza. Kama papa hayuko, baba mudogo anapokea. Na baba mudogo wetu, anayeishi hapahapa muji, alikuwa amekwisha kununua kofia mupya. Mutu wa kujionyesha, Mungu amusamehe.

Mudogo wangu akaniambia miye dada yake waziwazi: "Yaya, kama si papa njo anashika ile kamba, miye sitatoka mu chumba. Mbuzi zirudie Kipese na miguu yao."

Kulikuwa na shida moja tu: papa hakuwa na karte, kitambulisho. Ile ya zamani mama aliifua ndani ya suruali, ikatoka nyeupe kama hostia. Na karte ya uchaguzi kwetu ndiyo karte ya kila kitu. Kati ya Beni na Butembo kuna barrière, kizuizi cha askari, na bila karte utarudishwa, hata ungekuwa na mvi mpaka kwenye nyusi. Basi uandikishaji ulipofunguliwa kule Beni, nikateremuka mwenyewe kumupeleka. Nilifikiri ni kazi ya asubuhi moja.

Kituo kilikuwa ndani ya darasa la shule ya musingi. Binti wa mashini ya kusoma vidole, kijana na mwenye adabu, alimukalisha papa, akamupiga picha, kisha akasema: "Papa, weka bidole hapa." Papa akaweka. Taa nyekundu. Akapangusa kioo, taa nyekundu. Akapangusa vidole vya papa kwa kitambaa, kisha kwa alkoli, kisha akavipuliza kwa mudomo kama mama anayepuliza uji wa mutoto. Nyekundu.

"Papa, bidole ulibifanya nini?"

"Nilitumika nabyo," papa akajibu.

Watu kwenye musururu wakacheka. Binti naye akacheka, akasema: "Haiko shida. Mashini iko na fasi ya batu benye balikatika mikono. Nafinya hapa, inaandika kama bidole haiko, inapita. Karte inatoka sasa hivi."

Nikashukuru Mungu. Mais papa hakutikisika kwenye kiti.

"Uandike kama niko bila mikono?"

"Ni maneno ya mashini tu, papa."

"Mashini njo itaongopa, ama weye?"

Akasimama, akageukia musururu, akainua mikono yote miwili juu kama padri kwenye Sadaka. "Bandugu, hii ni nini?"

"Ni mikono, mzee!" wakaitika.

"Asante. Sasa huyu mutoto anataka kuandika kama haiko. Basi batoto yangu nilibasomesha na nini? Na magoti?"

Akavaa kofia yake, akatoka. Miye nyuma yake, na mukoba, na hasira mpaka masikioni. Nikamupigia mudogo wangu simu, akapiga kelele mpaka nikatenga simu na sikio: "Akubali tu! Ni maneno ya ndani ya mashini, nani atayasoma?" Alikuwa na haki. Na papa naye alikuwa na haki. Nilitembea nyuma ya mugongo wake ule mugumu, nikimukasirikia, na wakati uleule nikimupenda vibaya sana.

Nyumbani, mama alipika chai na kutuacha tununiane. Halafu nikaona kikombe cha maziwa ya ngombe mezani, na pembeni, kwenye dirisha, kisahani cha unga wa maziwa makavu ya papayi, uliobaki wakati wa kupeleka depo. Mwalimu ni mwalimu, hata akinuna. Nikachukua kidogo cha ule unga, nikautupa ndani ya maziwa ya vuguvugu, nikakoroga. Baada ya muda maziwa yakaanza kushikana, yakawa vipande.

"Hiyo najua," papa akasema. "Kule depo banafanya hivyo. Ikiganda mbio, banasema mali ni muzuri. Nilizania ni muchezo yabo ya kutudanganya."

"Si muchezo, papa. Njo kazi yenyewe. Maziwa, nyama, na hii ngozi yako, vyote vimejengwa na kitu kimoja: protini. Ufikirie shanga nyingi ndani ya uzi murefu, uzi umekunjwakunjwa. Sasa ndani ya papayi kuna makasi. Makasi yanakata uzi. Na yakikata hayaishi, yanaenda kwa uzi mwingine, yanakata tena. Sisi tunayaita enzimu. Kwenye maziwa yakikata kidogo, maziwa yanaganda. Kwenye nyama, nyama inalainika. Na weye kila asubuhi unaingiza vidole ndani yake."

"Papayi inaniweka makasi, kwa sababu gani? Nilikosea papayi nini?"

"Ni kwa ajili ya viwavi. Kiwavi akitoboa tunda, maziwa yanamula mudomo na tumbo."

Papa akafikiri. "Donc kwa papayi, miye ni kiwavi."

"Kwa papayi, ndiyo."

Mama, aliyekuwa mulangoni na sahani, alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile mpaka leo anamuita papa Kiwavi, hata mbele ya wageni, na papa anaitika.

Mais swali lake lilifuata, na lilikuwa swali la mutu aliyeguswa. "Na mistari ikirudia, itakuwa ile yangu, ama ya mutu mwingine?"

"Yako ileile. Ngozi ya juu inakufa kila siku, hata bila papayi. Mwili unachukua maharagi unayokula, na samaki, unazikata mpaka kwenye shanga, halafu unatunga uzi mupya. Tumboni uko na makasi yako mwenyewe, papa, ya namna ileile. Mais namna ya mistari imebaki chini, ndani. Ngozi mupya inapanda ikiifuata."

"Na papayi haifike kule?"

"Yako haijafika. Ingefika, vidole vingekuwa na makovu. Inakula juu tu."

Aliviangalia vidole vyake, kimoja kimoja, akivigeuza kwenye mwangaza wa mulango. "Chini haifike," akasema, akanywa chai yake.

Tukapatana hivi. Asiguse papayi hata kidogo mpaka ngozi irudi. Asioshe sufuria kwa majivu. Apake mawese asubuhi na magaribi. Kabla kituo kufunga atarudi kwa mashini, atakuwa na vidole vyake, na siku ya mbuzi atakuwa kwangu. Mama akawekwa mulinzi. Nikapanda kurudia Butembo nikiwa na moyo mwepesi, maana chimie ilikuwa upande wetu.

Kumbe kumutenga papa na papayi zake ni sawa na kumutenga mulevi na kasiksi, pombe ya ndizi. Mara ya kwanza mama alimukuta shambani na sachets za plastiki mikononi, amezifunga kwa kamba, maziwa yameingia ndani na kujaa. Alikemewa kama mutoto. Mama akachukua wembe akauficha ndani ya mufuko wa maharagi. Jirani akakubali kuchanja kwa niaba yake, na papa akawa anasimama nyuma yake, mikono nyuma kama mukaguzi wa shule, akisahihisha kila chanjo: "Hapana pale! Umeingiza sana! Unataka kuua muti?" Jirani aliniambia kwa simu kwamba afadhali achanje peke yake mashamba ya Beni yote.

Kila asubuhi, baada ya sala, mama aliwasha taa ya simu na kusoma vidole. Majirani wakaanza kuja pia, mumoja mumoja, wanaume na wanawake wa papayi, kwanza kucheka, baadaye kuangalia vyao. Mama akawa ananipigia miye wakati wa mapumziko ya shule: "Gumba iko na mistari mbili! Tatu! Inajikunja kama konokono!" Nilikuwa nawatangazia wanafunzi wangu. Wakaanza kuuliza wenyewe, nikiingia tu darasani: "Madame, vidole vya mzee?" Somo la protini halijawahi kupita vizuri namna ile.

Halafu siku moja, nikiwa nyumbani, mama akapiga simu na sauti ya chini. "Imefutika tena."

"Amegusa papayi!"

"Hapana hata! Naapa. Hajafika ku shamba tangu juma."

Nikamuhoji kama askari. Amekula nini? Maharagi, sombe. Amegusa nini? Hapana kitu. Amefanya nini basi? "Anaoga tu," mama akasema. "Anaoga muzuri siku hizi, anasugua mikono sana, na ile sabuni yenye mudogo wako alituma."

"Sabuni gani?"

"Ya rangi ya machungwa. Inanukia. Iko na picha."

"Picha ya nini, mama?"

Nikasikia kuku wa kule Beni wakilia ndani ya simu.

"Ya papayi," akasema. "Mais, mwanangu, nilizania papayi ya kiwanda haiume."

Sijui kama makasi yale yanaweza kubaki hai ndani ya sabuni. Magadi yake yangeweza kuyaua. Mais sabuni za namna ile ni za kuchubua, zinauzwa kwa kazi hiyo, na papa, muchapakazi, alijichubua kwa bidii. Mudogo wangu alikuwa amekaa kitandani, anasuka nywele. Uso wake mwenyewe ulikuwa unang'aa kwa sabuni ileile. Alikuwa amesikia kila neno.

"Nilitaka awe safi mbele ya bakwe," akasema. "Yaya, ni miye nilimufuta."

Akalia. Nikakaa pembeni yake, na nasema kweli, nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na vyote viwili vilikuja. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwetu kilikuwa kwenye kisanduku cha sabuni.

Kituo kilikuwa karibu kufunga, na ngozi haisikii haraka ya mutu. Mudogo wangu akamupigia papa: "Papa, nimekosea. Mais nakuomba, kubali ile ya bila mikono. Kwa ajili yangu." Simu ilikuwa kwenye sauti kubwa, nilisikia jibu. Papa hakukasirika. Alisema polepole: "Mama yangu, weye njo unataka nishike kamba. Nitashika na nini, kama nimeisha kukubali kama mikono haiko?"

Baba mudogo, alipopata habari, akapitia kwetu kutuuliza kama kofia ya kijivu inaenda na koti la kahawia.

Kisha, asubuhi ya mwisho kabisa, radio ikatangaza: uandikishaji umeongezewa muda. Nilikuwa kwenye chumba cha walimu. Nikapiga yowe, nikamukumbatia directeur. Wenzangu wote wakaruka kwenye viti wakifikiri mishahara imetoka. Nchi yetu inachelewa katika mambo mengi, na mara nyingi inaniudhi. Mais siku ile, kwa mara ya kwanza maishani, niliishukuru.

Mama akatupa sabuni ndani ya choo. Mawese yakarudi, taa ya simu ikarudi, jirani akarudi kuteswa shambani. Safari hii mudogo wangu hakuweza kungojea juu. Tukateremuka wote wawili. Asubuhi tuliyomupeleka kituoni, papa alitembea mikono imefungwa ndani ya kitambaa cha mama, kama mutu anayebeba mayai.

Binti wa mashini alimutambua kutoka mbali. "Papa ya mikono!" Musururu ukageuka, walikuwa wanajua. Papa akafungua kitambaa. Kidole cha kwanza: nyekundu. Cha pili: nyekundu. Mudogo wangu akafunika macho, akaanza Salamu Maria. Papa akageuza mukono, akaweka gumba, akaifinya kidogo.

Taa ya kijani.

"Gumba imepita!" binti akasema, na watu wakapiga makofi kama kwenye mupira. Kingine kikapita, na kingine. Vingine vilikataa kabisa, na binti akasema inatosha. Papa akainama juu ya meza.

"Na ile yenye imekataa, unaiandika namna gani?"

"Naandika iko, papa. Mais imechoka."

"Eh. Imechoka ni kweli," papa akasema. "Wasingya, mama, asante." Akamupa mukono, mukono wote.

Kupanda Butembo tuliondoka mapema. Kwenye barrière tukashuka wote, karte juu. Nilikuwa nimengojea saa hiyo tangu mwanzo. Askari alikuwa anakula muhindi wa kuchoma. Alimuona papa na mvi zake, na bila hata kuangalia mukono akasema kwa Lingala, "Vieux, leka," yaani mzee, pita.

Papa hakupita. "Angalia kwanza."

"Nimesema pita, papa."

"Na miye nimesema angalia. Miye sipite bure, niko na karte."

Mudogo wangu akamuvuta koti. Askari akaacha kutafuna, akachukua karte, akaangalia picha, akaangalia papa, akaigeuza nyuma, akarudi mbele. "Njo weye," akasema, yaani ndiye wewe mwenyewe.

"Njo miye," papa akakubali, na hapo akapita.

Siku ya mbuzi mvua ilinyesha, kama kawaida ya Butembo. Wakwe wa Kipese walileta magunia ya viazi juu ya mahari, na mbuzi dume la kwanza, jeusi, lenye kichwa kigumu. Musemaji wao akauliza kamba aipokee nani. Baba mudogo akarekebisha kofia. Papa akasimama, akashika. Dume likavuta, kamba ikapita kwenye ngozi yake mupya, nikaona uso wake ukikaza, mais hakuachilia. Ndani, mulango wa chumba ukafunguka, na mudogo wangu akatoka akilia na kucheka, ameharibu poda yote.

Papa alirudi Beni, mama akamurudishia wembe wake. Kisha nikamupigia kuuliza habari za vidole.

"Imeisha tena," akasema, na nilisikia anacheka. "Laini kabisa. Kikombe imeteleza leo asubuhi."

"Papa! Si nilikuletea gants za kuvaa mikononi?"

"Acha, mwanangu. Papayi ikule tu sasa. Imeisha kuandikwa kwamba niko na mikono."